Kodi ya Majengo na Wapangaji wa Maduka Mjini Moshi

Wenye majengo na wapangaji wa maduka, Manispaa ya Moshi, wanafahamishwa kuwa kodi ya majengo, inayokatwa kila mwezi kwa LUKU tangu Agosti 2021, ilipandishwa Julai 2023. Kiwango hufuata aina ya jengo, si thamani yake. Nyumba ya kawaida ilitoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kila sakafu ya ghorofa, 5,000 hadi 7,500. Hivyo jengo la sakafu tatu lilipanda kutoka 15,000 hadi 22,500 kwa mkupuo mmoja. Nafuu iliyopo, nayo si haba, ni kutolipa deni la mwaka mzima kwa pamoja.

Izingatiwe kuwa mdaiwa ni mwenye jengo. Mpangaji aliyekatwa anaponunua umeme ahifadhi stakabadhi, kisha wapatane fedha hizo zipunguzwe katika pango.