Mshale Kitongojini: Ayala, Upinde na Dhamiri ya Mwindaji

Mwaka 1928 ayala sita, majike manne na madume mawili, walifunguliwa katika shamba moja la Jimbo la Michigan, nchini Marekani. Shamba hilo, liitwalo George Reserve, lilikuwa na ukubwa usiofikia hekta 500, nalo lilizungushiwa ua mrefu ambao ayala hawezi kuuruka. Ndani yake hamkuwa na mbwa mwitu wala puma, na chakula kilikuwa tele. Mwaka 1933 watu walijipanga mstari, wakalipita shamba hilo kutoka upande mmoja hadi wa pili huku wakihesabu. Walipata ayala 160.

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe hahitaji mfano ulio wazi zaidi wa ukuaji wa idadi pasipo kizuizi. Aukumbuke mfano huo pia asikiapo kwamba katika vitongoji vya miji ya Marekani makarani na wahandisi hupanda mitini kabla ya mapambazuko, pinde mikononi, nyuma ya nyumba za majirani zao. Vitongoji hivyo vimekuwa George Reserve isiyo na ua.

Ayala anayezungumziwa hapa, yule mwenye mkia mweupe kwa chini, si kulungu wa Afrika Mashariki, ingawa wafasiri wengi humwita hivyo. Kulungu yu katika ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi, na pembe zake ni za maisha. Pembe za ayala ni mfupa mtupu; huota kwa madume, hudondoka kila mwaka, kisha huota upya. Mnyama huyu aliwindwa kwa ajili ya biashara ya nyama na ngozi hata, kufikia mwaka 1900, wakakadiriwa kubaki kati ya laki tatu na laki tano tu nchi nzima. Sheria kali zikatungwa kumlinda. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30.

Sheria peke yake hazielezi ongezeko hilo. Mbwa mwitu na puma walikwisha kuangamizwa katika sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, na jike aliyeshiba huzaa mapacha takriban kila mwaka. Zaidi ya hayo, ayala kwa tabia ni mnyama wa ukingoni mwa msitu, mahali penye kivuli cha kujificha na majani mabichi ya kula. Kitongoji cha Kimarekani, pamoja na vijisitu vyake na bustani zinazotiwa mbolea na kumwagiwa maji, ni ukingo mtupu. Mtu aliyehama mjini ili aishi karibu na maumbile amemwandalia ayala karamu bila kujua.

Karamu hiyo ina gharama. Makampuni ya bima hukadiria kuwa magari hugonga wanyama zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka nchini humo, na wengi wa wanyama hao ni ayala. Katika misitu yao miche huliwa kabla haijafikia kimo cha goti, na ndege wanaotaga karibu na ardhi hukosa maficho. Kuhusu ugonjwa wa Lyme yafaa kuwa waangalifu. Kupe wakubwa hunyonya damu ya ayala na kuzaliana, lakini bakteria wa ugonjwa huo hupatikana hasa kwa panya. Kwa hiyo kupunguza ayala hakupunguzi wagonjwa kwa urahisi ambao baadhi ya watu hudai.

Lakini kwa nini upinde, katika nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu? Jibu ni la kifizikia kwanza. Risasi ya bunduki ya kuwindia huweza kusafiri kilomita kadhaa, na karibu na nyumba matumizi yake aghalabu hukatazwa. Mshale haufiki huko. Tena mwindaji hukaa juu ya dungu lililofungwa mtini, mita tano au sita kutoka ardhini, hata mshale unaomkosa mnyama huchoma udongo hatua chache mbele. Fairfax, wilaya ya Virginia iliyo jirani na Washington na yenye wakazi zaidi ya milioni moja, ilianza mpango wa namna hii katika bustani zake za umma kiasi cha mwaka 2010. Mshiriki hufanyiwa mtihani wa shabaha kwanza, kisha huwinda kutoka madunguni.

Usalama wa jirani, hata hivyo, si huruma kwa mnyama. Mshale wa gramu 27 uendao mita 85 kwa sekunde una nishati-mwendo ya jouli 98 hivi. Risasi ya gramu 9.7 iendayo mita 820 kwa sekunde ina zaidi ya jouli 3,000. Risasi hupasua na kutikisa viungo. Mshale huua kwa kukata: kigumba chake chenye makali kama ya wembe hupasua mishipa, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Mapafu yote mawili yakitobolewa, ayala huanguka kwa kawaida katika muda usiozidi nusu dakika. Tumbo likitobolewa, huweza kuishi saa nyingi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walilitatua tatizo hili kwa kupaka chembe za mishale sumu ya mimea. Karibu majimbo yote ya Marekani yameipiga marufuku njia hiyo, kwa hiyo mwindaji wa huko hana cha kutegemea ila mahali mshale unapoingia.

Hapo ndipo hesabu inapogusa maadili. Upote ukiachiwa hutoa sauti, na sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, mara nne ya kasi ya mshale. Ayala husikia kabla hajafikiwa, naye hujikunja ghafla ili apate kuruka. Ichukuliwe kwamba mwili wake huitikia baada ya moja ya kumi ya sekunde, na kwamba kifua chake hushuka kama kitu kilichoachiwa kianguke. Akiwa mita 20, atakuwa ameshuka sentimita 3 tu mshale ufikapo. Akiwa mita 30, sentimita 13. Akiwa mita 40, sentimita 31. Eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 hivi. Anayelenga katikati ana nafasi ya kukosea sentimita 10 kila upande. Kielelezo hiki kimerahisishwa, kwani mshale hupungua kasi njiani na si kila ayala hushtuka. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wabadilishe tarakimu na kutazama matokeo.

Mwaka 1969 Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza ya upinde wa makapi, ambao humpunguzia mvutaji uzito wakati wa kulenga na kuongeza kasi ya mshale. Kwa chombo hicho mtu wa kawaida hujifunza upesi kupiga shabaha ya karatasi umbali wa mita 50. Karatasi haina masikio. Ubora wa chombo umewafanya baadhi ya wawindaji wapige kutoka mbali zaidi badala ya kuwafanya wapige kwa hakika zaidi, na jambo hilo ni la kulaumiwa.

Katika kituo cha jeshi la majini cha Indian Head, Maryland, wawindaji wa upinde waliofaulu mtihani wa shabaha walifuatiliwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2006. Katika kila ayala 100 waliochomwa, wapatao 18 hawakupatikana. Baadhi yao bila shaka walipona; wengine walifia vichakani. Wapinzani wa uwindaji huu huona kwamba idadi hiyo inatosha kuufuta. Watetezi hujibu kwamba gari nalo huvunja miguu ya ayala, wala hakuna anayempa dereva mtihani wa huruma. Jibu hilo ni dhaifu, kwa maana dereva hakukusudia. Hoja yao yenye uzito ni nyingine: binadamu aliyemwondoa mbwa mwitu amekwisha kuingilia kati, na kutotenda lolote nako ni kuchagua njaa na ajali.

Njia zisizo za kuua zimejaribiwa. Katika kisiwa cha Staten Island, New York, madume yalianza kufungwa kizazi mwaka 2016 kwa gharama ya mamilioni ya dola. Njia hiyo huhitaji kukamata takriban kila dume, na ayala waliopo huendelea kula mpaka wafe. Upinde nao una udhaifu ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja. Wengi hutamani dume lenye pembe pana, ilhali kupunguza madume machache hakupunguzi kizazi. Hesabu ya George Reserve ilitokana na majike manne. Ndiyo maana baadhi ya mipango humtaka mwindaji alete jike kwanza kabla ya kuruhusiwa dume.

Limebaki tatizo la kitongoji chenyewe. Ayala aliyechomwa huweza kukimbia mita 14 kwa sekunde. Hata akifa baada ya sekunde kumi, atakuwa amevuka viwanja vinne vya nyumba, na katika majimbo mengi mwindaji hana ruhusa ya kuingia kiwanja cha mtu bila idhini. Anaweza kusimama kwenye ua akiutazama mchirizi wa damu ukielekea bustani ya jirani asiyetaka kumfungulia. Wenye uzoefu hawangoji hali hiyo. Majuma kadhaa kabla ya msimu hupita nyumba hadi nyumba wakibisha hodi, wakiomba idhini ya kufuata damu. Mwenye nyumba mmoja akikataa, hulihamisha dungu.