Vitabu vya picha kwa wadogo (3): Tumbili kachukua ndizi

Tangu mfululizo huu uanze, wazazi kadhaa wameniuliza: mwanangu ana miaka mitatu, minne, nimnunulie kitabu gani? Leo nitavitaja kwa majina. Kwanza, hata hivyo, nieleze kipimo ninachokitumia nikiwa dukani, kwa kuwa huenda duka la mtaani kwako halina hata kimoja cha nitakavyotaja, ilhali kipimo utakwenda nacho popote.

Fungua kitabu katikati. Ziba maneno kwa kiganja, utazame picha peke yake. Kisha ziba picha, usome maneno. Ukipata habari ileile mara mbili, kirudishe rafuni. Maneno yanasema Juma anakimbia, picha ni ya Juma anakimbia: hapo mtoto hana la kufanya ila kungoja umalize. Kitabu kizuri humgawia mtoto kazi. Maneno yanasema hili, picha inaonyesha lile, naye ndiye wa kuyaunganisha. Mtoto asiyejua hata herufi moja huisoma picha vizuri sana, mara nyingi upesi kuliko sisi ambao macho yetu yamezoea kukimbilia maandishi.

Mfano wangu wa kwanza si mpya, lakini sijaona kinachoupita. Ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotoka Uingereza mwaka 1994, na kisa chake kimewekwa kwa Wajaluo wa Kenya. Handa amejitwisha kikapu chenye matunda saba ya namna saba, anampelekea rafiki yake Akeyo wa kijiji cha pili. Njia nzima anajiuliza Akeyo atapenda lipi, na maneno hayaendi mbali na hapo. Mengine yote yamo pichani. Nyuma ya kisogo chake tumbili ananyoosha mkono, anachukua ndizi. Mbuni anatwaa pera. Pundamilia anaondoka na chungwa, tembo na embe, twiga na nanasi, swala na parachichi, kasuku na pasheni. Kikapu kitupu, Handa hana habari. Kisha mbuzi anakuja mbio, anaugonga mchenza, na machenza yanaporomoka ndani ya kikapu hadi kinajaa. Anapokitua mbele ya Akeyo, wa kushangaa ni yeye mwenyewe. Mkazi wa Nyanza atasema, na ana haki, kwamba tembo na twiga hawatembei njiani kijijini kwake. Nakubali, na mtoto mkubwa kidogo ninamweleza hivyo.

Nilimfungulia mjukuu wangu wa miaka minne kitabu hiki, tumeketi mkekani. Nakala yangu ni ya Kiingereza, nikamsimulia kwa Kiswahili chetu. Ukurasa wa tumbili niliupita bila kusema kitu. Akanishika mkono nisifunue.

"Bibi, ngoja. Kachukua ndizi."

"Nani?"

"Huyo hapo! Na mwenyewe hajui."

Tulipofika kwa twiga alikuwa amesimama wima, anamwita Handa ageuke.

Neno lile "hajui" lina uzito. Wanaochunguza akili za watoto wameonyesha kwamba ni karibu na umri wa miaka minne ndipo wengi wao huanza kufahamu kuwa mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli, kwa sababu tu hakuliona likitokea. Mtoto wa miaka miwili na nusu ataonyesha tumbili kwa kidole na kucheka, na hilo linatosha kwa umri wake. Wa miaka minne anamhurumia Handa. Kitabu ni kilekile, wasomaji ni wawili tofauti, ndiyo maana nasema usikigawe mapema mtoto anapokua.

Ukitaka kilicho kipya zaidi, tafuta Baby Goes to Market cha mwaka 2017. Mwandishi wake ni Atinuke, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Wales, na mchoraji ni Angela Brooksbank. Mtoto yuko mgongoni kwa mama sokoni. Muuza ndizi anampa sita: moja anakula, tano anaziweka kikapuni kichwani kwa mama. Machungwa matano: moja analila, manne yanakwenda juu. Hesabu inashuka hivyo hivyo, na mama anaendelea kudhani kwamba mwanawe hajala kitu. Hapa hesabu ya kutoa inafundishwa bila mtu kulitaja neno "hesabu", na picha za soko zimejaa vitu kiasi kwamba kila siku mtoto ataona kipya. Wawili haohao walitoa Catch That Chicken! mwaka 2020, juu ya Lami, bingwa wa kukamata kuku, anayeanguka toka mbuyuni na kuumia kifundo cha mguu. Kinamfaa mtoto asiyetulia.

Nyumbani Tanzania, tafuta kazi za John Kilaka. Amekulia katika mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa. Wanyama wa Kilaka wanavaa mashati na magauni, wanauza samaki, wanagombana na kupatanishwa. Inaniuma kwamba kitabu chake cha samaki kilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani.

Bei ndiyo kikwazo. Picha ya rangi huchapwa kwa wino nne, na gharama ya kutayarisha mashine ni ileile, uchape nakala 500 au 5,000. Kwa hiyo lugha yenye wanunuzi wachache hulipa zaidi kwa kila nakala. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulilishika tatizo hili mahali pake: ulinunua nakala nyingi kwa mchapishaji na kuzipeleka shuleni.

Asiye na fedha ya duka asikate tamaa. African Storybook, kazi ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini tangu mwaka 2014, imeweka kwenye intaneti hadithi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, na inaruhusu mtu yeyote kuzipakua na kuzichapa bure. Nilichapa moja steshenari, nyeusi na nyeupe, nikaikunja na kuibana kwa stepla. Ubora unatofautiana, kwa hiyo kipimo cha kiganja kitumie na huko.

Ombi moja: ukikuta maswali ya ufahamu ukurasa wa mwisho, yaruke. Mjukuu wangu sikumuuliza lolote. Jioni ile nilimkuta uani na mdogo wake, amejitwisha ungo wenye maembe mawili, anatembea polepole kwa makusudi, anangoja aibiwe.

Wiki ijayo: vitabu vya kadibodi kwa wasiotimiza miaka miwili.