Kuondoa si Kung'oa: Istilahi za Kusakinisha Kionyeshi cha Mawimbi

Miongoni mwa matini zinazowafikia wafasiri siku hizi ni maelekezo ya programu za kompyuta. Katika makala haya tutachunguza maelekezo ya programu moja, GTKWave, ili tuonyeshe kwamba amri mbili zinapopewa neno moja la Kiswahili, anayepata hasara ni msomaji aliyeketi mbele ya mashine.

GTKWave ni kionyeshi cha mawimbi. Wimbi linalotajwa hapa ni mchoro wa ishara katika sakiti ya kidijitali: mstari hupanda ishara inapokuwa 1, na hushuka inapokuwa 0. Kionyeshi hakibuni mawimbi hayo. Programu nyingine, kwa mfano Icarus Verilog, huiga mwenendo wa sakiti na matokeo yake huandikwa katika faili ambayo jina lake huishia na .vcd. Kionyeshi huisoma faili hiyo na kuichora, ili mhandisi aone kosa kabla sakiti yenyewe haijatengenezwa.

Katika mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, programu husambazwa kwa vifurushi. Msimamizi wa mashine huandika amri "apt install gtkwave", na kifurushi husakinishwa. Amri yenyewe haifasiriwi, kwani mashine huitambua kwa umbo lake hilo tu. Kinachofasiriwa ni maelezo yake. Hapo ndipo matatizo matatu hujitokeza.

(a) "apt update" na "apt upgrade". Mara nyingi zote mbili huelezwa kwa neno "sasisha". Lakini ya kwanza huleta orodha mpya ya vifurushi tu. Ya pili huleta matoleo mapya ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa. Mwenye duka aliyepokea orodha mpya ya bidhaa hajapokea bidhaa. Tunapendekeza "kusasisha orodha" kwa amri ya kwanza, na "kupandisha toleo" kwa ya pili. Mtumishi hupandishwa cheo. Programu nayo na ipandishwe toleo.

(b) Vitegemezi na vitegemewa. GTKWave haiwezi kufanya kazi bila maktaba ya GTK, ambayo huchora madirisha yake. Baadhi ya wafasiri huiita maktaba hiyo "kitegemezi". Hili ni kosa la sarufi linalopindua maana: mtegemezi ni yule anayetegemea, na mtegemewa ni yule anayetegemewa. Basi GTKWave ndiyo kitegemezi, na GTK ni kitegemewa. Amri "apt autoremove" huondoa vitegemewa vilivyoletwa na mfumo wenyewe ambavyo sasa havina kitegemezi. Maneno hayo yakibadilishana nafasi, msomaji ataelewa kwamba programu anayoitumia ndiyo itakayoondolewa.

(c) "apt remove" na "apt purge". Ya kwanza huondoa programu lakini huacha faili za usanidi wa mfumo, iwapo kifurushi kilikuwa nazo. Ya pili huondoa na faili hizo pia. Mkulima aukataye mti huacha kisiki, na kisiki huweza kuchipua. Aung'oaye haachi kitu shimoni. Kwa hiyo twapendekeza "kuondoa" na "kung'oa".

Wako waliofasiri amri hii ya mwisho kuwa "kufuta kila kitu". Tafsiri hiyo yatia hofu bure. Amri hiyo haigusi faili zilizomo katika saraka ya mtumiaji mwenyewe, kama vile .gtkwaverc yenye mapendeleo yake, wala faili za .vcd alizozihifadhi humo. Mwanafunzi mwenye kazi ya muhula mzima akisoma "kufuta kila kitu" hatathubutu kuitumia. Na anayetaka kufuta mapendeleo yake ataitumia, kisha atashangaa kuyakuta palepale.

Ni wajibu wa mfasiri, basi, kabla ya kuchagua neno, kuuliza: amri hii yagusa nini, na yaacha nini? Akishajua hayo, Kiswahili hakitampungukia.