Usifunge kisu chochote kwenye mashine ya kufyekea

MVUA ikinyesha majuma machache tu, uwanja uliokuwa safi hugeuka kichaka. Siku hizi watu wengi wameweka panga kando, wakanunua au kukodi mashine ya petroli ya kufyekea. Mashine hiyo huokoa muda, lakini ikifungwa kisu kisichofaa yaweza kumtia mtu kilema.

Kwanza, itazame mashine yenyewe. Ile ndogo yenye bomba lililopinda iliundwa kwa uzi wa nailoni peke yake. Usiifunge kisu cha chuma. Kisu huhitaji mashine yenye bomba lililonyooka, gia imara, mikono miwili kama usukani wa baiskeli na mkanda wa mabegani. Hakikisha pia kwamba tundu la kisu linaingia sawasawa, na kwamba kasi iliyoandikwa juu ya kisu haipungui ile ya mashine.

Kisu kipi kwa kazi ipi?

Nyasi laini, kandokando ya ukuta na penye mawe: tumia uzi wa nailoni.

Nyasi ngumu na magugu marefu: tumia kisu chapa chenye meno matatu au manne.

Vichaka vyenye miti midogo, kama lantana iliyokomaa: tumia kisu cha duara chenye meno ya msumeno. Shina nene, kama la mathenge mkubwa, liachie panga, shoka au msumeno.

Jihadhari na vifaa vya minyororo. Kipande kikikatika huruka kama risasi. Umoja wa Ulaya uliagiza vipigwe marufuku mwaka 2012, baada ya mtu kuuawa.

Katika mashine nyingi kisu huzunguka kuelekea kushoto. Ukikifananisha na uso wa saa, sehemu iliyo kati ya 12 na 3 ndiyo hatari: ikigonga shina, mashine huruka ghafla na kumyumbisha anayeishika. Kata kwa upande wa kushoto.

Kabla ya kuwasha, okota mawe, waya na chupa. Vaa miwani ya kukinga macho, viatu vigumu na suruali ndefu. Watoto na mifugo wakae umbali wa mita 15 au zaidi. Usiondoe kinga ya kisu eti inakuzuia kuona.

Unapobadilisha kisu, zima mashine na uchomoe waya wa plagi. Nati yake kwa kawaida hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha nati nyingine. Kisu chenye ufa, hata mdogo kama unywele, kitupe. Usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea.

Bei ya kisu kipya si kitu ikilinganishwa na mguu au jicho. Tahadhari kabla ya hatari.