Kakao ya Moto Isiyo na Sukari

Jioni moja darasa letu la kisomo lilikuwa na somo la kusoma maandishi ya dukani. Niliwaomba wanakisomo waje na pakiti, chupa au makopo kutoka nyumbani. Mama mmoja alileta pakiti ya chumvi. Kijana mmoja alileta chupa ya dawa ya ng'ombe. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi katika kijiji chetu cha pwani ya Ziwa Viktoria, alileta kopo la chokoleti ya kunywa.

Mzee huyu ana ugonjwa wa kisukari. Daktari alikuwa amemwambia aache chai yenye sukari nyingi, naye akatii. Badala yake alinunua kopo hili. Kila asubuhi na kila jioni alitia vijiko vitatu katika kikombe cha maji ya moto, akanywa.

"Mwalimu," aliniambia, "naipenda hii kwa sababu haihitaji sukari."

Tulilizungusha kopo mpaka tukaona mahali palipoandikwa vitu vilivyomo ndani. Mzee mwenyewe alisoma, herufi kwa herufi. Neno la kwanza kabisa lilikuwa sukari. Kakao ilifuata baadaye. Mzee aliweka kopo mezani.

"Basi mimi nimeacha sukari ya kwenye mfuko, nikaenda kuinunua ya kwenye kopo."

Hakuna aliyecheka. Sote tulijua kwamba kidonda cha mguuni mwake kilikuwa hakijapona tangu mvua za vuli.

Wiki iliyofuata tulileta sufuria darasani. Tulijifunza kutengeneza unga wa kakao usiotiwa sukari. Katika kurasa hizi nitaeleza tulivyofanya.

Soma kopo kwanza

Viwanda huandika vitu vilivyomo kwa kufuata uzito. Kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza. Kilicho kidogo huandikwa mwisho. Kwa hiyo kopo likianza na neno sukari, sukari ndiyo nyingi kuliko kitu kingine chochote ndani yake.

Makopo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Usikate tamaa. Neno la Kiingereza la sukari lina herufi tano: S-U-G-A-R. Liandike katika daftari lako, uende nalo dukani. Angalia pia maneno yanayoishia na herufi O-S-E. Mara nyingi hayo ni majina mengine ya sukari. Kopo la kakao tupu huwa na neno moja tu katika orodha yake, nalo ni kakao.

Usidanganywe na picha ya kopo. Picha ya kikombe chenye mvuke haisemi kitu.

Kakao ni nini?

Kakao, ambayo wengi huiita kokoa, ni mbegu za mti. Matunda yake makubwa huota kwenye shina na matawi manene. Mti huu hupenda joto, mvua nyingi na kivuli. Ndiyo sababu hatuuoni katika mashamba ya pamba ya Kwimba na Magu. Katika nchi yetu kakao hulimwa sana Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa. Huko wakulima huichanganya na migomba ili ipate kivuli.

Mkulima hupasua tunda, hutoa mbegu pamoja na utelezi wake, kisha huzifunika kwa siku tano au sita ili zichachuke. Bila kuchachuka, mbegu hazipati ile harufu tunayoijua. Baadaye huzianika. Kiwandani mbegu hukaangwa, humenywa na kusagwa. Kisha hukamuliwa ili kupunguza mafuta yake. Makapi yanayobaki husagwa tena, nao ndio unga wa kakao. Mashine ya kukamua mafuta hayo ilitoka Uholanzi, katika kiwanda cha Van Houten, mwaka 1828.

Unga huo ni mchungu. Watu wa Mexico ndio walioinywa kakao zamani, kabla Wahispania hawajafika kwao. Wao walichanganya na maji, mara nyingine na mahindi au pilipili. Hawakutia sukari kwa sababu hawakuwa na miwa. Watu wa Ulaya ndio walioizoesha dunia kunywa kakao yenye sukari. Kwa hiyo mzee wetu akinywa kakao bila sukari, hanywi kitu cha ajabu. Anainywa karibu na ilivyonyweka mwanzo.

Vitu vinavyotakiwa

Tumia kijiko cha chakula na kijiko cha chai. Jaza kijiko, kisha pitisha mgongo wa kisu juu yake ili unga ulingane na ukingo. Kijiko chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kijiko kilichosawazishwa, na hesabu yote itaharibika.

Maziwa ya unga, vijiko vya chakula 32.
Unga wa kakao tupu, vijiko vya chakula 8.
Mdalasini uliosagwa, vijiko vya chai 2.
Tangawizi iliyosagwa, kijiko cha chai 1.
Chumvi, robo ya kijiko cha chai.

Maziwa nayo yasomwe. Katika orodha pawe na maziwa tu. Kuna unga mweupe unaouzwa kwa ajili ya chai ambao si maziwa hasa, bali ni mafuta ya mimea na aina ya sukari. Kwa macho huwezi kuutofautisha. Utautofautisha kwa kusoma.

Mdalasini hauna sukari, lakini harufu yake huudanganya ulimi, nao ulimi hudhani kuna utamu. Chumvi kidogo hupunguza uchungu wa kakao. Mwenye shinikizo la damu aiache chumvi. Asiyependa tangawizi atie iliki.

Kakao tupu haipatikani katika kila duka la kijijini. Mjini Mwanza itafute katika maduka makubwa, au kwa wanaouza vifaa vya kuoka keki. Bei yake ilipanda sana mwaka 2024. Mavuno yalikuwa mabaya katika nchi za Kodivaa na Ghana, zinazolima kakao nyingi kuliko nchi zote, na tani moja katika soko la dunia ikapita dola 10,000. Sisi tulichanga fedha watu sita, tukanunua kopo moja na kugawana kwa kijiko. Mpimaji alikuwa mama muuza dagaa, maana mkono wake umezoea kupima na hakuna aliyemtilia shaka.

Namna ya kuchanganya

Osha kopo lenye mfuniko, au chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ianike juani mpaka ikauke kabisa. Sisi tunaokaa karibu na ziwa tunajua jinsi unyevu unavyoingia kila mahali. Tone moja la maji linatosha kufanya unga ugande na kuota ukungu.

Chekecha kakao kwa chujio la chai ili kuvunja mabonge. Tia maziwa, mdalasini, tangawizi na chumvi. Chekecha vyote pamoja mara mbili, mpaka rangi iwe moja. Tia katika kopo, funga, tikisa.

Sasa chukua karatasi uandike:

KAKAO. HAINA SUKARI ILIYOONGEZWA. VIJIKO VYA CHAKULA 4 KWA KIKOMBE. IMECHANGANYWA TAREHE ...

Bandika karatasi hiyo kwenye kopo. Tarehe ni ya lazima. Maziwa ya unga yana mafuta, na mafuta yakikaa sana hewani huchacha. Tumia unga wako katika muda wa mwezi mmoja. Weka kopo mbali na jiko na mbali na jua. Usichote kwa kijiko kilicholowa.

Vijiko 32 na vijiko 8 ni vijiko 40. Ukitumia vijiko 4 kwa kikombe, utapata vikombe 10. Viungo ni vidogo, havibadili hesabu. Jumlisha fedha zote ulizotumia kwa vipimo hivi, ugawanye kwa 10. Hapo utajua bei ya kikombe kimoja.

Namna ya kupika

Hapa ndipo wengi walipokosea darasani, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwaga maji ya moto juu ya unga, nikakoroga. Mabonge yakaelea kama mayai ya chura. Wanakisomo walifurahi sana kumwona mwalimu amekosea.

Sababu ni hii. Kakao ina mafuta, na mafuta hayapendi maji. Katika chokoleti ya dukani punje za sukari huitenganisha kakao, na sukari inapoyeyuka kakao hutawanyika. Sisi hatuna sukari, kwa hiyo lazima mkono ufanye kazi hiyo.

Tia vijiko vya chakula 4 vya unga katika kikombe. Ongeza maji kidogo ya vuguvugu, kiasi cha vijiko vitatu. Ponda na kukoroga mpaka upate uji mzito usio na bonge. Kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukiwa na nafasi, mimina yote katika sufuria, uchemshe dakika mbili kwa moto mdogo. Ladha huwa nzuri zaidi. Maji ya ziwa yachemshwe sawasawa kabla ya yote.

Mwenye ng'ombe au mbuzi wa maziwa hana haja ya kununua maziwa ya unga. Achanganye kakao, mdalasini, tangawizi na chumvi tu, kwa vipimo vilevile. Atatumia vijiko vya chai 2 na nusu kwa kikombe, pamoja na nusu kikombe cha maziwa na nusu kikombe cha maji, vikichemshwa pamoja. Kwangu mimi hiki ndicho kikombe kizuri kuliko kile cha kwanza, tena ni rahisi.

Kikombe cha kwanza utakiona kichungu. Ulimi uliozoea vijiko vinne vya sukari haubadiliki kwa siku moja. Mpe ulimi wiki mbili au tatu.

Mambo ya kuangalia

Asali je? Swali hili liliulizwa na watu wengi. Asali wengi huiita dawa, lakini ndani yake ni sukari. Sukari guru pia ni sukari. Mgonjwa wa kisukari akitia asali katika kakao, amerudi palepale alipokuwa mzee wetu.

Maziwa nayo yana sukari yake ya asili. Kikombe chetu kina sukari hiyo gramu 9 hivi. Ndiyo maana tuliandika "haina sukari iliyoongezwa". Mgonjwa akihesabu chakula chake cha siku, kikombe hiki nacho kihesabiwe. Wapo watu wazima ambao maziwa huwajaza tumbo gesi. Hao wapunguze vijiko vya maziwa. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Kakao hii si dawa. Haiponyi kisukari. Mzee wetu bado anameza vidonge vyake na bado anakwenda kliniki.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili, nami naomba ulisome mara mbili. Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari au sindano ya insulini anaweza kushukiwa na sukari mwilini. Hutetemeka, hutoka jasho, huona kizunguzungu, huweza hata kusema maneno yasiyoeleweka. Wakati huo kakao hii haitamsaidia. Apewe sukari yenyewe mara moja: vijiko vya chai 3 au 4 katika maji kidogo, kama anaweza kumeza. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, apewe tena. Kama amezimia, asitiwe kitu chochote mdomoni. Apelekwe hospitali haraka. Kwa hiyo hata nyumba iliyoacha sukari iwe na sukari kidogo kabatini, na kila mtu wa nyumba ajue ilipo.

Watoto wachanga wasipewe kakao. Watu wazima nao wasinywe nyingi usiku, maana huweza kufukuza usingizi. Na masazo msimpe mbwa. Kakao ina kitu ambacho ni sumu kwake.

Hesabu ya sukari

Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2015. Lilisema ni vizuri zaidi sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Hivyo ni kama vijiko vya chai 6.

Mzee wetu alitusaidia kupiga hesabu ya zamani zake. Alikuwa akinywa chai vikombe 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 4. Hivyo ni vijiko 12 kwa siku. Kijiko kimoja kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni gramu 48. Kwa siku 30 ni gramu 1,440, yaani karibu kilo moja na nusu, mtu mmoja, kwa mwezi mmoja. Aliiandika mwenyewe ubaoni. Kisha akaomba chaki abaki nayo, aende akamwonyeshe mkewe hesabu hiyo kwenye mlango.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Leteni makopo na pakiti tatu kutoka nyumbani. Ni neno gani limeandikwa kwanza katika kila orodha?

2. Nyumba yenu hutumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku? Je, ni kilo ngapi kwa mwezi?

3. Familia moja inataka vikombe 20 vya kakao. Inahitaji vijiko vingapi vya maziwa ya unga, na vingapi vya kakao?