Jinsi Nilivyoutafuta Ugonjwa wa Intaneti Nyumbani Kwetu

Wenzangu wanafunzi, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwaeleze jambo nililojifunza likizo iliyopita. Wengi wetu tuna kaka na dada wafanyao kazi za ofisi wakiwa nyumbani, na huenda nasi tukimaliza shule tukazifanya. Kazi hizo hutegemea intaneti, na intaneti ikiyumba, riziki nayo huyumba.

Dada yangu anakaa nyumbani kwetu Tanga, naye huandika hesabu za kampuni moja iliyoko Nairobi. Alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Kila siku saa nne asubuhi hukutana na wenzake kwa njia ya kompyuta, wakaonana na kuzungumza. Nilipofika likizo nilimkuta amekonda kwa mawazo. Sauti yake ilikuwa ikikatika katikati ya maneno, na mkuu wake alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili. Majaribio yalibakiza majuma matatu. Pesa za kazi hiyo ndizo zininunuliazo sare, godoro na nauli ya kurudi shuleni. Kwa hiyo shida hiyo haikuwa yake peke yake.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno lake. Mama alisema ni mvua. Dada alisema kampuni ya mtandao yatuonea. Mimi nikasema tununue ruta mpya. Tuliizima ruta na kuiwasha mara tano kwa siku. Kuzima na kuwasha kwafaa, maana ruta ni kompyuta ndogo, nayo huweza kuchoka. Lakini shida ikirudi baada ya saa moja, hujaponya kitu. Ndipo nikakumbuka maneno ya mwalimu wetu wa fizikia: pima kwanza, kisha useme.

Yafaa msomaji ajue kwamba safari ya intaneti ina hatua mbili. Ya kwanza ni kutoka kompyuta mpaka ruta, ambayo kwetu ilipita hewani kwa mawimbi ya Wi-Fi. Ya pili ni kutoka ruta kwenda nje. Ruta yetu hutumia laini kama simu, basi nje maana yake ni mnara wa simu na yote yaliyo nyuma ya mnara huo. Ugonjwa waweza kuwa katika hatua yoyote, na dawa ya hatua moja haiponyi nyingine.

Kompyuta ina amri iitwayo ping, ambayo kazi yake ni kama kubisha hodi. Utaandika neno hilo katika dirisha la amri, kisha namba ya ruta, ambayo mara nyingi imeandikwa chini ya ruta yenyewe. Yetu ni 192.168.1.1. Jibu huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Kisha utabisha mlango wa mbali, kwa mfano 8.8.8.8, namba ya mashine za Google ziitikiazo watu wote. Ruta ikichelewa kuitikia, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Ruta ikiitika upesi na mlango wa mbali ukachelewa, ugonjwa uko baada ya ruta.

Nilibisha mara 100 katika kila mlango, nikaandika majibu katika daftari. Ruta, ambayo ilipasa kuitika kwa milisekunde chini ya 10, mara nyingine ilifika 300, na mara 9 haikuitika kabisa. Kumbe tulikuwa tukiilaumu mvua bure! Ruta ilikuwa ndani ya kabati la sebuleni, nyuma ya televisheni, na kati yake na chumba cha dada palikuwa na kuta mbili za matofali ya saruji na jokofu. Chuma hurudisha mawimbi, na ukuta mnene huyadhoofisha. Tena Wi-Fi ina mawimbi ya gigahezi 2.4, yaendayo mbali zaidi lakini yenye msongamano wa majirani, na ya gigahezi 5, yaliyo mepesi zaidi lakini yashindwayo upesi na kuta.

Nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha pembeni mwa ukuta mpaka mezani kwa dada. Waya wa namna hiyo waweza kufika mita 100 bila taabu. Nilipobisha tena, ruta iliitika kwa chini ya milisekunde 1, wala haikukosa hata mara moja.

Hata hivyo mlango wa mbali ulikuwa bado wachelewa. Nikafungua ukurasa wa ruta uonyeshao nguvu ya mnara. Namba hizo huandikwa kwa alama ya kutoa, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kabatini tulikuwa na -113. Nilitembea nayo chumba kwa chumba, na kwenye dirisha lielekealo mnara ilisoma -95. Hapo ndipo nilipoiweka, juu ya rafu.

Siku mbili zilikwenda vizuri. Siku ya tatu, saa nne na robo, sauti ya dada ikakatika tena. Nilikuwa tayari kuilaumu kampuni ya mtandao, lakini kwanza nikatazama orodha ya vyombo vilivyoshika ruta. Kilichokuwa kikila zaidi ni simu yangu mimi! Ilikuwa ikipeleka picha na video zangu zote kwenye hifadhi ya mbali bila mimi kuiamuru. Njia ya kupeleka mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kupokea, na mafurushi makubwa yakitangulia, sauti husubiri nyuma yake kama baiskeli nyuma ya lori la mchanga kwenye daraja jembamba. Shirika la ITU la Umoja wa Mataifa limeshauri kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Foleni yaweza kuchelewesha mara nyingi ya hizo. Nilimwendea dada nikamwambia ukweli. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mdogo wangu, kikulacho ki nguoni mwako." Tangu siku hiyo simu zote za nyumbani hupeleka picha usiku.

Yalibaki mambo mawili. La kwanza ni umeme. Ruta yetu hutumia volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 tu, kwa hiyo betri ndogo ya ruta huiweka hai saa kadhaa. Lakini nawaonya: msiunganishe betri ovyo, someni kwanza volti zilizoandikwa kwenye ruta. La pili ni njia ya akiba. Dada sasa ana simu yenye laini ya kampuni nyingine, tayari kumpa intaneti. Hata hivyo zipo siku ambazo hata akiba haifai. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Siku kama hiyo usihangaike na ruta. Mpigie mkuu wako simu mapema umweleze.

Majuma yale matatu yalipokwisha, dada hakuachishwa kazi wala hakuthibitishwa. Aliongezewa mwezi mmoja. Ninapoandika haya mwezi huo haujaisha, nami nangoja barua yake kwa hamu. Lakini amenipasha habari kwamba hakuna tena amwambiaye, "Hatukusikii."

Basi, wenzangu, mkikuta ugonjwa kama huu nyumbani, msikimbilie dukani wala kulaumu watu. Bisheni hodi mlango wa karibu, kisha wa mbali, nanyi mtajua pa kuanzia. Tena kabla ya yote, tazameni simu zenu wenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne