Majibu ya Tezi ya Shingo Ni Mazuri, Mbona Mgonjwa Bado Anaumwa?

Wananchi wanaotumia vidonge vya tezi ya shingo hukutana na jambo linalowachanganya wengi. Hospitali inawaambia kuwa majibu ya damu ni mazuri, ilhali mwili unawaambia vingine. Uchovu uko palepale, baridi inasumbua hata katika joto la Ujiji, nywele zinanyonyoka na kumbukumbu ni nzito. Baadhi huamua kujiongezea vidonge. Wengine huviacha kabisa wakiamini kuwa havifanyi kazi. Maamuzi yote mawili ni ya hatari, na mara nyingi hutokana na kuisoma karatasi ya maabara kana kwamba inajieleza yenyewe.

Tezi hiyo, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia dundumio au thairoidi, imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Hutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto, choo, uzito, hedhi na hata hali ya moyo wa mtu. Homoni inayotoka kwa wingi ni T4. Hata hivyo, kipimo ambacho madaktari hukitazama kwanza, TSH, hakitoki katika tezi ya shingo. Hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ambayo kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi.

Mvuvi wa Kibirizi ataelewa uhusiano huo bila shida. Nahodha akiona mashua inakwenda polepole, humpigia kelele fundi wa injini. Ikienda kasi kupita kiasi, hunyamaza. TSH ni sauti ya nahodha. Ikiwa juu, mwili unalalamika kwamba homoni ni pungufu. Ikiwa chini sana, homoni imezidi, ama kwa sababu tezi inazalisha kupita kiasi, ama kwa sababu mgonjwa anameza dawa nyingi kuliko mahitaji yake. Ndiyo maana mgonjwa anayeona TSH imepanda na kudhani kwamba dawa imemzidi huwa ameisoma karatasi kinyume.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha TSH kati ya takriban 0.4 na 4.0 miliuniti kwa lita, ingawa kila maabara huchapisha mipaka yake pembeni mwa majibu, na mipaka hiyo ndiyo ya kufuatwa. Kwa T4 huru tahadhari inahitajika zaidi, kwa sababu maabara hutumia vizio tofauti. Jibu la 15 katika maabara moja na jibu la 1.2 katika maabara nyingine yanaweza kuwa kitu kilekile kilichoandikwa kwa vizio viwili. Mgonjwa aliyepimwa Kigoma mwaka huu na Mwanza mwaka uliopita asilinganishe namba kabla ya kulinganisha vizio.

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni muda. Dawa inayotumika kwa tezi iliyopungua nguvu, levothairoksini, huondoka mwilini taratibu mno: nusu yake huchukua takriban siku 7 kuisha. Kila dozi inapobadilishwa, damu huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kuonyesha picha ya kweli. Aliyepimwa wiki ya pili amepima mpito, si matokeo. Tena mwili huchelewa kuliko damu. TSH inaweza kurudi mahali pake huku ngozi, nywele na uzito vikihitaji miezi kadhaa zaidi. Hali hiyo haimaanishi kwamba dawa imeshindwa, na haifai kuwa sababu ya kuikatisha.

Chanzo cha pili ni namna dawa inavyomezwa, na hapa ndipo penye mengi ya kurekebishwa bila gharama yoyote. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa soya hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Vidonge vya madini chuma, vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kutuliza asidi tumboni huikamata dawa hiyo tumboni na kuizuia kupita, hivyo inapasa kuviacha mbali kwa saa 4. Anayeamka alfajiri kwenda mwaloni kupokea dagaa na kunywa chai njiani anaweza kupanga dawa yake usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho, ilimradi utaratibu uwe mmoja kila siku na daktari aufahamu.

Baadhi ya dawa za magonjwa mengine huongeza mahitaji ya homoni. Rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huharakisha kuvunjwa kwa homoni, na mgonjwa aliyekuwa sawa kwa miaka anaweza kushuka ghafla. Joto nalo huharibu vidonge. Dawa iliyokaa wiki nzima katika mfuko juani kwenye mashua haina uhakika. Ibaki katika pakiti yake, mahali pakavu, pasipo na jua wala joto kali.

Lipo pia jambo ambalo wagonjwa hulificha kwa aibu. Mtu aliyeruka vidonge kwa wiki kadhaa, kisha akavimeza kwa bidii siku chache kabla ya kupimwa, huacha alama yake katika majibu: T4 ni nzuri au imepanda, lakini TSH bado iko juu, kwa kuwa nahodha hajapata muda wa kutulia. Daktari asiyeambiwa ukweli anaweza kuongeza dozi isiyohitajika. Kusema tu kwamba dawa ziliisha na nauli ya kufuata nyingine haikuwepo kunamlinda mgonjwa kuliko kunyamaza.

Siku ya kipimo, ni vyema damu itolewe kabla ya kumeza kidonge cha asubuhi, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Wanaotumia vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha wamweleze mtaalamu mapema na waviache kwa angalau siku 2, kwa kuwa kwa wingi wake vinaweza kuidanganya mashine ya maabara na kutoa majibu yasiyo ya kweli.

Kundi lisilopaswa kusubiri ni wajawazito. Katika majuma ya mwanzo, mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama katika ukuaji wa ubongo wake, na mahitaji ya mama hupanda mapema, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi aliyokuwa nayo. Mwanamke anayetumia levothairoksini na kugundua kuwa ana mimba aende kituo cha afya mara moja, asisubiri tarehe ya kliniki. Kwa kawaida hupimwa kila baada ya wiki 4 hivi katika nusu ya kwanza ya ujauzito. Mipaka ya TSH kwa mjamzito si ile ya watu wengine, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki ni vyenye madini chuma vilevile. Avimeze mchana au jioni, mbali na dawa ya tezi. Asiviache, kwa kuwa navyo vina kazi yake.

Kwa wakazi wa Kigoma, mazungumzo ya tezi hayawezi kuyapita madini joto. Hiyo ndiyo malighafi ambayo tezi hutumia kutengeneza homoni. Ikikosekana kwa muda mrefu, tezi huvimba na kuwa rovu. Wapo wanaodhani kwamba anayekula samaki kila siku hawezi kuyakosa, lakini samaki wenye madini joto kwa wingi ni wa baharini. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika ni chakula bora cha protini, lakini ni wa maji baridi. Chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi na iliyozalishwa kwa zaidi ya miaka 1,000, haitoshelezi kwa asili yake. Kama chumvi nyingine yoyote, hutegemea kuongezewa madini joto kiwandani.

Muhogo nao una sehemu yake. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu upande wa Kongo, watafiti walionyesha tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba muhogo usioandaliwa vizuri huzidisha rovu pale madini joto yanapokuwa haba, kwa kuwa sumu iliyomo hugeuka mwilini kuwa kemikali inayozuia tezi kuyapokea. Muhogo uliolowekwa ukavunda vizuri na kukaushwa, ukaliwa pamoja na chumvi iliyoongezwa madini joto, hauna sababu ya kumtisha mtu. Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kuongeza madini hayo katika chumvi. Nyumbani, chumvi itunzwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu.

Hata hivyo, chumvi si mbadala wa vidonge. Mgonjwa ambaye tezi yake imeondolewa kwa upasuaji, au imeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, hawezi kuirudisha kwa kula madini joto mengi. Kiasi kilichozidi kinaweza hata kuivuruga zaidi tezi iliyobaki.

Baada ya yote hayo kukaguliwa, hubaki wagonjwa, wanaokadiriwa kuwa 5 hadi 10 katika kila 100, ambao TSH yao imetulia lakini hawajisikii vizuri. Hao hawajifanyishi. Mara nyingi jibu liko nje ya tezi. Upungufu wa damu, malaria inayojirudia, kisukari, sonona na usingizi mbovu huleta uchovu uleule. Katika vijiji vya mwambao kichocho kiongezwe katika orodha, kwa sababu anayeoga na kuchota maji ziwani kila siku anaweza kukibeba kwa miaka bila kukijua. Swali la kumwuliza daktari, basi, si la kutaka dozi iongezwe, bali ni kuuliza ni kipi kingine kinachostahili kupimwa. Dozi inayopitiliza huweza kuufanya moyo upige bila mpangilio na kuidhoofisha mifupa, hasa kwa wazee.

Wagonjwa wenye tezi inayozalisha kupita kiasi, wanaotumia kabimazoli, husoma karatasi kwa namna nyingine. Kwao TSH inaweza kubaki chini kabisa kwa miezi baada ya T4 kushuka hadi kiwango cha kawaida, kwa kuwa pituitari iliyonyamazishwa muda mrefu huchelewa kuamka. Katika kipindi hicho daktari hufuata zaidi T4 na T3 pamoja na dalili.

Kabimazoli ina hatari moja adimu ambayo kila anayeitumia anapaswa kuifahamu: inaweza kushusha ghafla chembe nyeupe za damu. Homa, koo linalouma au vidonda mdomoni ni ishara ya kuacha kumeza dawa hiyo na kwenda siku hiyohiyo kupimwa wingi wa chembe nyeupe za damu. Kwa mkazi wa Kalya au Sigunga, ambaye safari yake ya kwenda hospitali hutegemea mashua na hali ya ziwa, homa ya namna hiyo isitibiwe kwanza kwa dawa ya malaria kwa kubahatisha. Aende kituo cha afya kilicho karibu akiwa na pakiti ya kabimazoli mkononi, ili mhudumu ajue mara moja anachopambana nacho na kuandaa rufaa kabla mashua haijaondoka.